Msokoto wa Tumbo: Dawa Hutuliza, Chanzo Hubaki

Mazungumzo yaliyoandaliwa kwa mabaraza ya wakazi kuhusu afya ya binadamu na mifugo, Kaunti ya Lamu



Usiku wa manane, mtoto wa shule anajikunja kitandani huku ameshika tumbo. Nyumba ya pili, punda aliyebeba mchanga na saruji mchana kutwa amesimama kando ya ukuta, masikio yameshuka, majani hayagusi. Wenye nyumba hizo mbili wanauliza swali moja: je, kuna dawa ya kutuliza tumbo?

Dawa ipo. Tena ni ya jamii moja kwa mtoto na kwa punda. Lakini kinachopaswa kujulikana kabla ya kuitumia ni kwamba dawa hiyo hulegeza msokoto tu. Haiondoi kilichouleta. Waswahili husema mjumbe hauawi, na maumivu ya tumbo ni mjumbe. Anayemnyamazisha mjumbe bila kusikiliza ujumbe anaweza kuja kuusikia wakati umekwisha kupita.

Namna dawa inavyofanya kazi

Misuli ya mkono na mguu hufuata matakwa ya mtu. Ipo misuli mingine, iitwayo misuli laini, ambayo hujiendesha yenyewe. Hiyo ndiyo iliyozunguka tumbo, utumbo, kibofu, mfuko wa uzazi, mirija ya nyongo na mirija inayoshusha mkojo kutoka kwenye figo. Hubana na kulegea kwa zamu, na ndivyo chakula kinavyosukumwa kutoka mwanzo wa utumbo hadi mwisho. Misuli hiyo ikibana kupita kiasi na kuchelewa kulegea, mtu husema tumbo linamsokota.

Amri ya kubana huletwa na neva kwa kemikali iitwayo asetilikolini. Dawa kama hayosini na atropini hukalia mahali ambapo kemikali hiyo ingekaa. Amri haifiki, misuli inalegea, maumivu yanapungua. Dawa nyingine, kama papaverini, drotaverini na mebeverini, huilegeza misuli kwa njia nyingine bila kuizuia amri ya neva.

Asetilikolini haifanyi kazi tumboni peke yake. Ndiyo pia inayoleta mate, inayofinya mboni ya jicho, inayopunguza mwendo wa moyo na inayobana kibofu ili mkojo utoke. Kwa hiyo mtu aliyepewa dawa ya kuizuia anaweza kukauka mdomo, kuona ukungu, kusikia moyo ukienda mbio na kushindwa kukojoa. Hizo si dalili za bahati mbaya. Ni kazi ile ile ya dawa, mahali pengine mwilini.

Dawa iliyotoka kwenye mmea wenye sumu

Wakazi wengi wanaujua mnanaha, ule mmea unaoota majalalani na kando ya njia, wenye maua meupe mfano wa tarumbeta na matunda ya miiba. Ndani yake mna atropini na hayosini. Wanakemia wa Ujerumani waliitenga atropini kutoka mmea wa jamii hiyo katika miaka ya 1830, na tangu hapo dawa ikaweza kupimwa kwa uzito badala ya kukisiwa kwa majani.

Hayosini butilibromaidi, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Buscopan, ilitengenezwa na kampuni ya Boehringer Ingelheim ya Ujerumani na kuanza kuuzwa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Malighafi yake hutoka kwenye mti uitwao Duboisia, unaolimwa Australia. Hayosini ya asili ilibadilishwa kidogo ili isiingie ubongoni kwa urahisi. Kwa sababu hiyo mgonjwa hutulizwa tumbo bila kuvurugwa akili.

Mmea wenyewe haukubadilishwa. Mwezi wa Machi 2019, huko Karamoja nchini Uganda, watu zaidi ya 200 waliugua baada ya kula uji wa unga wa msaada, na watano wakafariki. Uchunguzi ulikuta atropini na hayosini ndani ya unga huo. Wengi wa waliougua walichanganyikiwa akili. Kwa hiyo majani au mbegu za mnanaha zisichemshwe kwa ajili ya tumbo, wala zisipewe mnyama. Mbegu za mmea mmoja zinaweza kuwa na sumu nyingi kuliko za mmea ulio pembeni yake, na hakuna jicho linaloweza kuzitofautisha.

Kwa binadamu: wakati dawa inafaa na wakati haifai

Kwa binadamu dawa hizi zina manufaa makubwa. Hutumika kwa msokoto wa utumbo, kwa maumivu ya hedhi kwa baadhi ya wanawake, na kwa maumivu yanayotokana na mawe ya figo au ya nyongo. Wauguzi huzitumia pia kumpunguzia shida mgonjwa aliye katika siku zake za mwisho, hasa anapokorota kwa makohozi asiyoweza kuyatoa.

Hata hivyo, wapo ambao hawapaswi kuzitumia kabla ya kuzungumza na mhudumu wa afya. Mzee mwenye tezi dume iliyovimba anaweza kuziba mkojo kabisa. Mwenye presha ya jicho ya aina ya glakoma finyu anaweza kupata madhara ya macho. Mwenye maradhi ya moyo unaokwenda mbio, mwenye udhaifu wa misuli uitwao mayasthenia na mwenye utumbo ulioziba nao wamo katika orodha hiyo. Mama mjamzito na anayenyonyesha waulize kwanza.

Watoto wana hesabu yao. Tembe za hayosini butilibromaidi kwa kawaida hazipewi mtoto aliye chini ya miaka 6 bila agizo la daktari. Mtoto anayeharisha hahitaji dawa ya kusimamisha utumbo. Anahitaji maji ya ORS, tembe za zinki kwa siku 10 hadi 14, na kuendelea kunyonya au kula. Kinachomuua mtoto anayeharisha mara nyingi ni kukaukiwa maji, na dawa ya msokoto hairudishi hata tone moja.

Hatari kubwa zaidi ni ile ya maumivu yanayostahili upasuaji. Kidole tumbo kikivimba, maumivu huanza mara nyingi karibu na kitovu, kisha huhamia chini upande wa kulia. Kikiachwa kinaweza kupasuka ndani ya siku mbili au tatu. Mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi huanza kama maumivu ya upande mmoja chini ya tumbo, na mwanamke huenda akadhani ni chango la kila mwezi. Ngiri iliyonasa na utumbo uliojipinda navyo huanza kwa msokoto. Katika hali hizo, tembe mbili za jioni zinaweza kumpa mgonjwa nafuu ya saa chache. Nafuu hiyo ndiyo inayomfanya aseme, “Nitakwenda kesho.”

Kwa mkazi wa mjini Amu, kesho ni mwendo wa miguu hadi hospitali. Kwa mkazi wa Kiwayu, Ndau au Kizingitini, kesho ni bahari. Msimu wa kusi unapovuma kwa nguvu, mashua inayoweza kuondoka alasiri huenda isiweze kuondoka usiku. Saa zilizopotea kwa nafuu ya muda ni saa zile zile ambazo chombo kingekuwa njiani. Hapa ndipo tembe ya bei ndogo inapoweza kugharimu maisha.

Kwa sababu hiyo, mgonjwa mwenye mojawapo ya dalili zifuatazo apelekwe kituo cha afya bila kusubiri: maumivu yanayozidi kwa saa kadhaa au yanayorudi punde dawa inapoisha nguvu, tumbo gumu kama ubao, homa, kutapika kusikokoma, damu katika choo au matapishi, kushindwa kutoa choo na hewa, kuzimia, au maumivu ya chini ya tumbo kwa mwanamke aliyekosa hedhi. Aliyekwisha kumeza dawa asilifiche jambo hilo. Amwambie mhudumu jina la dawa, kiasi na saa aliyoimeza, kwa maana itamsaidia kusoma mapigo ya moyo na hali ya tumbo ipasavyo.

Jambo moja lisieleweke vibaya. Kupewa dawa ya maumivu hospitalini, baada ya mgonjwa kupimwa, hakuna ubaya. Hatari ni kuyanyamazisha maumivu nyumbani, mahali ambapo hakuna mtu wa kuchunguza yalikotoka.

Kwa punda: mnyama anayeumia kimya

Lamu inamtegemea punda. Ndiye anayebeba maji, mawe, boriti na mizigo ya dukani katika vichochoro ambavyo gari haliingii. Msokoto wa tumbo ni miongoni mwa maradhi yanayomwondoa punda kwa haraka, na tabia yake huzidisha hatari. Farasi mwenye msokoto hupiga kwato chini, hujitazama ubavuni na kugaagaa. Punda mara nyingi hafanyi hivyo. Husimama tu, kichwa chini, masikio yameshuka, akakataa chakula. Mwenye punda akidhani ni uchovu, punda huyo huenda asifike asubuhi.

Msokoto wa punda una sababu nyingi. Upo unaoletwa na gesi, na upo wa misuli ya utumbo kubana kupita kiasi. Hiyo ndiyo aina ambayo sindano ya hayosini hufaa. Upo pia wa utumbo kuziba kwa majani makavu yasiyotafunwa vizuri, kwa mchanga, au kwa mifuko ya plastiki na kamba alizokula majalalani. Na upo wa utumbo kujipinda. Katika aina hizi mbili za mwisho, sindano inaweza kumtuliza mnyama kwa muda mfupi, kisha maumivu yakarudi. Kurudi kwa maumivu ndiyo habari muhimu: kunamweleza daktari wa mifugo kwamba kuna kitu kinachohitaji tiba nyingine, kama kupitisha maji na mafuta kwa mpira wa puani hadi tumboni.

Daktari wa mifugo husikiliza moyo na utumbo wa punda kabla ya kumdunga. Ana sababu. Hayosini huongeza mapigo ya moyo na kupunguza sauti za utumbo, na hizo ndizo alama mbili anazotegemea kujua kama mnyama yuko katika hatari. Mwenye punda aliyekwisha kumdunga mnyama wake kwa kukisia amezifuta alama hizo kabla mtaalamu hajazisoma.

Kabla ya mtaalamu kufika, mwenye punda ana kazi ya kufanya. Amwondolee mzigo na matandiko. Amwondolee chakula, amwache kivulini penye maji. Aangalie kama ametoa kinyesi na akumbuke ni saa ngapi. Anaweza kumtembeza polepole kwa muda mfupi iwapo punda yuko tayari kutembea, lakini asimlazimishe wala kumkimbiza. Asimnyweshe kitu kwa chupa, kwa kuwa kinaweza kuingia mapafuni.

Kwa ng'ombe na mbuzi: tahadhari ya pekee

Wafugaji wa Witu, Hindi na Mpeketoni wana jambo lao la kuzingatia. Tumbo kubwa la ng'ombe hujikunja mara moja hadi mbili kila dakika, na kwa mikunjo hiyo mnyama hucheua na kutoa gesi. Dawa ya kulegeza misuli ikisimamisha mikunjo hiyo, gesi hubaki ndani. Kwa hiyo ng'ombe au mbuzi aliyevimba tumbo upande wa kushoto hapaswi kupewa dawa ya msokoto kwa kukisia. Ugonjwa huo wa kuvimbiwa unaweza kumuua kwa saa chache. Mnyama asimamishwe mahali penye mteremko, miguu ya mbele ikiwa juu, na afisa wa mifugo aitwe mara moja aitoe gesi kwa mpira au kwa chombo cha kutobolea.

Mnyama wa maziwa au wa nyama aliyetibiwa ana muda wa kusubiri ulioandikwa kwenye kibandiko cha dawa. Katika siku hizo maziwa yake hayauzwi wala hayanywewi, na mnyama hachinjwi. Kuyachemsha maziwa si njia ya kuondoa dawa iliyomo.

Chupa ya mnyama si ya mtu

Katika duka la agroveti na katika duka la dawa za binadamu, jina la hayosini linaweza kuwa lile lile. Kilicho tofauti ni kiasi na mchanganyiko. Sindano moja ya mtu mzima ina miligramu 20. Ipo chupa ya farasi yenye mililita 50, na kila mililita ina miligramu 20. Chupa hiyo moja ina miligramu 1,000, yaani dawa ya sindano 50 za binadamu. Kosa dogo la kupima kwa farasi ni kosa kubwa kwa mtu.

Aidha, baadhi ya chupa za mifugo zimechanganywa na metamizoli, dawa ya maumivu ambayo kwa watu wachache hushusha sana chembe nyeupe za damu na kumwacha mtu bila kinga. Marekani iliiondoa metamizoli katika dawa za binadamu mwaka 1977 kwa sababu hiyo. Mtu anayejidunga dawa ya punda wake huenda hajui kwamba amejidunga dawa mbili.

Kinyume chake pia ni kweli. Tembe za nyumbani hazimtoshi punda wala hazimfai, kwa kuwa hata kwa binadamu ni sehemu ndogo tu ya tembe ya hayosini butilibromaidi inayopenya kutoka utumboni kuingia kwenye damu. Kumponda punda tembe kumi ndani ya maji ni kupoteza fedha na kupoteza muda aliobakiwa nao.

Atropini inapokuwa mwokozi

Ndugu wa hayosini, yaani atropini, ana kazi nyingine ambayo wakulima na wafugaji wanapaswa kuijua. Baadhi ya dawa za kuogeshea mifugo na za kuua wadudu shambani ni za kundi la oganofosfeti. Sumu hiyo huzuia mwili kuivunja asetilikolini, nayo hurundikana. Mtu au mnyama hutokwa na mate na machozi, huharisha, hutetemeka misuli, mboni hufinyika na pumzi humshinda. Hospitalini, atropini hudungwa kwa kiasi kinachopimwa dakika kwa dakika ili kuikabili hali hiyo. Aliyepatwa avuliwe nguo zilizolowa, aoshwe kwa maji mengi na sabuni, apelekwe hospitali pamoja na chupa au kibandiko cha dawa iliyomdhuru. Anayemwosha avae glavu. Mnanaha si badala ya atropini ya hospitali: ni kuongeza sumu juu ya sumu.

Kinga na huduma

Misokoto mingi ya punda inaweza kuzuiwa. Maji safi ya kutosha kila siku, hasa baada ya kazi. Meno kukaguliwa na mtaalamu, maana punda mwenye meno mabovu hameng'enyi majani. Dawa ya minyoo kwa ushauri wa afisa wa mifugo. Na chakula kisichowekwa juu ya mchanga. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tarehe 28 Agosti 2017, lakini plastiki za aina nyingine bado zimo majalalani. Kila taka inayofungwa na kutupwa mahali pake ni msokoto mmoja uliozuiwa. Kwa binadamu, kunawa mikono, maji yaliyotibiwa na kunywa maji ya kutosha hupunguza maradhi mengi ya tumbo, na hata mawe ya figo.

Chini ya Katiba ya mwaka 2010, zahanati, vituo vya afya na hospitali za kaunti, pamoja na huduma za mifugo, ni majukumu ya serikali za kaunti. Mkazi ana haki ya kuuliza kwa mhudumu wa afya ya jamii, kwa mfamasia na kwa afisa wa mifugo wa wadi. Dawa za binadamu zinunuliwe kwenye duka lililosajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu, na za mifugo kwenye duka lenye mtaalamu aliyeidhinishwa. Muuzaji asiyetaka kuonyesha cheti chake hastahili kupewa fedha za mteja.

Turudi, basi, kwenye zile nyumba mbili za usiku wa manane. Mzazi wa yule mtoto anaangalia dalili za hatari kabla ya kufikia kabati la dawa. Akiziona, anamwamsha mwenye mashua. Mwenye punda naye anamwondolea mnyama chakula, anakumbuka saa ya kinyesi cha mwisho, anampigia simu afisa wa mifugo. Hakuna aliyekataa dawa. Kila mmoja ameiweka mahali pake: baada ya kujua kinachouma, si kabla.